Kadi Inayokoroma

Mke wa Kocha alimpigia wifi yake simu akiwa amesimama nyuma ya mashuka aliyoyaanika uani, mikono bado ina povu. Hakuzunguka mbuyu.

"Wifi, njoo umchukue ndugu yako," alisema. "Mimi nimechoka. Leo ameniharibia nguo za watu."

Na kweli zilikuwa zimeharibika. Kocha, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kidogo kidogo mpaka yakazima kabisa, alimsikia mkewe akihema juu ya beseni akaingiwa na huruma. Akatoka, akapapasa ukuta, akaishika ndoo na kuimimina juu ya suruali za mteja ili asaidie kusuuza. Kumbe ndoo ile ilikuwa ya dawa ya madoa. Suruali nyeusi zikawa na mabaka kama ngozi ya ng'ombe. Mwenye suruali alipokuja alizinyanyua kwa vidole viwili, akauliza kwa sauti, mbele ya wapita njia, kama siku hizi pale kwa dobi nguo zinafuliwa na vipofu. Kocha alikuwa amekaa karibu na mlango. Alijirudisha ndani taratibu huku akihesabu ukuta kwa kiganja.

Wifi mtu hakuwa wa kuombwa mara mbili. "Nakuja Jumamosi," alisema. "Ungeniambia zamani. Kwangu kuna nafasi, kuna watu, wala hatasumbuka na lolote. Atakaa tu. Wewe endelea na kazi zako."

Simu ilipokatika, mke wa Kocha alirudi kwenye beseni akitegemea kuona wepesi moyoni. Wepesi haukuja. Alifikicha kola ileile mpaka ikaanza kutoa nyuzi, na neno moja likawa linamzunguka kichwani: atakaa tu. Alijiambia kwamba jioni, wakishakula, atamweleza mumewe kwa upole. Aliyapanga maneno, akayapangua, akayapanga tena.

Lakini jioni ilipofika, Kocha ndiye aliyemtangulia kusema.

"Hivi ile kompyuta ya zamani uliiuza?"

"Ipi?"

"Ile kuukuu. Ambayo hata wezi wangeirudisha."

Mkewe alishusha bakuli. Miezi mingi ilikuwa imepita bila mume huyu kuuliza kitu chochote zaidi ya saa. "Iko chini ya kitanda. Ya nini?"

"Nataka kucheza."

Alitaka kucheka, akajizuia. "Utachezaje, Kocha?"

"Kwa masikio," alisema, akaendelea kula.

Basi maneno yale yaliyopangwa yakabaki kooni. Mke alijiambia atasema kesho.

* * *

Jina la Kocha lilitoka kwenye chumba cha michezo. Alikuwa nacho mwenyewe, chumba chenye kompyuta zilizopangwa ukutani, na vijana walikuwa wakijaa humo kila shule zinapofunga. Yeye alisimama nyuma ya viti vyao akiwafundisha: kata kushoto, ngoja, usikimbie, sasa piga. Wakamwita Kocha, na jina likamfuata mpaka nyumbani, hata mkewe akaacha kumwita kwa jina alilopewa na baba yake. Macho yalipokwisha, chumba kilifungwa na mashine zikauzwa, isipokuwa ile ya kwanza kabisa, ambayo hakuna aliyeitaka hata bure.

Asubuhi mkewe aliivuta kutoka chini ya kitanda, akaifuta vumbi, kwa sababu hakuna kitu kilichopita mikononi mwake bila kufutwa. Kocha akaketi sakafuni, akaiweka katikati ya miguu. Akafungua parafujo moja baada ya nyingine bila kuuliza, akazitia mfukoni mwa shati. Mikono ile ambayo ndani ya nyumba ilikuwa ikigonga vikombe na kukosa vitasa, humo ndani ya boksi la bati haikukosa kitu. Mkewe alisimama na kikapu cha nguo kiunoni akimtazama, na moyo ukamuuma, maana alikuwa amesahau kwamba mume wake ana mikono.

Waliiwasha. Picha ikaja, mke akaisoma. Sauti haikuja.

"Kadi ya sauti imekufa," alisema Kocha. Alikuwa ameichomoa na anapitisha kidole juu yake. "Hapa pamevimba, na hapa pameungua. Utanisaidia kutafuta nyingine kwa yule Spea, muuza vipuri."

"Twende wote. Mimi najua nini kuhusu kadi?"

"Mimi sitoki."

Hakueleza, na haikuhitajika. Mara ya mwisho alipotoka, mkewe alimsimamisha nje ya duka la dawa, akaingia ndani kidogo tu. Aliporudi alimkuta amesimama palepale, kiganja wazi, ndani yake kuna sarafu. Mpita njia alikuwa amempa sadaka. Kocha hakuitupa wala hakuitia mfukoni. Alitembea nayo mkononi hadi nyumbani, akaiweka juu ya meza, na tangu siku ile mwisho wake ukawa kizingitini.

"Basi niambie nichague vipi," alisema mkewe.

"Mwambie Spea akuchezeshee. Mchezo wa mahandaki, anao. Sikiliza hatua za miguu. Sikiliza milango. Ukiona zinasikika, chukua."

Maelekezo yalikuwa hayo tu. Siku zile alipokuwa akifundisha vijana angeeleza kwa kirefu, lakini upofu ulikuwa umempa uvivu wa maneno. Kosa la kwanza, basi, lilikuwa lake.

* * *

Duka la Spea lilikuwa chumba kimoja kilichojaa matumbo ya mashine. Mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, mtu anayeongea na vipuri zaidi kuliko anavyoongea na wateja.

"Kocha anataka kucheza?" aliuliza. Miwani ikashuka puani. "Kocha huyuhuyu?"

"Huyuhuyu."

Spea hakuuliza zaidi. Alivuta boksi la viatu lililojaa kadi, akazipekua kama mtu anayetafuta dagaa wakubwa, akatoa tatu. "Kwa mashine ile, hizi ndizo zinazokubali. Sikiliza."

Kadi ya kwanza ilikuwa na ala nzito. Muziki wa mchezo ukatoka kama bendi ya harusi. "Hii ni ya watu wanaopenda muziki," alisema Spea. Ya pili ilianza kukoroma hata kabla mchezo haujaanza. Ilikuwa na mvumo chini kwa chini, unapanda na kushuka, mara unasaga, mara unapiga chafya.

"Hii inaumwa?" aliuliza mke wa Kocha.

"Haiumwi, ndivyo ilivyozaliwa. Walibania kwenye utengenezaji. Kelele zote za mle ndani ya mashine zinapenya hapa. Nilishawahi kutaka kuitupa."

Ya tatu ilikuwa kimya kama shuka lililopigwa pasi. Hatua za miguu zikasikika moja moja, mlango ukafunguka na kufungwa, na baina yake hapakuwa na kitu. Mke wa Kocha alifumba macho akasikiliza. Alikuwa ameishi kwa kuondoa uchafu kwenye vitu vya watu. Mkono wake na jicho lake na sasa sikio lake vilijua jambo moja, kwamba kizuri ni kile ambacho doa limekitoka.

"Nipe hii safi," alisema.

"Umechagua vizuri," alisema Spea, naye alisema kwa moyo mweupe.

Njiani alitembea haraka, mzigo kifuani. Aliwaza kwamba Kocha akipata shughuli yake, pengine atampigia wifi simu amwambie asije. Halafu akawaza wifi atasemaje, kwamba yeye ni mtu wa kuita watu na kuwafukuza. Wifi yake alikuwa hasahau. Alifika nyumbani jasho linamtiririka na jambo halijaamuliwa.

* * *

Kocha aliipachika kadi mwenyewe. Mkewe kazi yake ikawa kusoma kilichoandikwa kwenye skrini, herufi kwa herufi, naye mumewe akimwambia kitufe gani abonyeze. Walikosea mara kadhaa, wakacheka mara moja, na kicheko kile kiliwashtua wote wawili.

Kisha mchezo ukafunguka. Kocha aliweka vidole kwenye kibodi, akainamisha kichwa upande wa spika. Mtu wa kwenye skrini akaanza kutembea handakini, tap, tap, tap. Akapita mlango wa kwanza. Mke alitaka kupiga makofi. Ghafla mnyama akatoka gizani, na mtu wa Kocha akaanguka akipiga kelele.

"Tena," alisema Kocha.

Akaanguka tena, palepale. Akajaribu kushoto, akagonga ukuta, akawa anatembea dhidi ya ukuta bila kujua, hatua zinalia na mtu haendi popote.

"Uko ukutani," mkewe alimwambia.

"Usiniambie!"

"Basi nisikwambie."

Aliendelea hivyo mpaka nguo za uani zikakauka. Kila alipokufa, mabega yalishuka kidogo zaidi. Mwisho aliondoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani.

"Umeniletea kadi gani hii?"

"Nzuri kuliko zote. Hata Spea amesema."

"Mbona bubu?"

"Bubu! Si unasikia kila hatua?"

"Nasikia hatua. Sisikii chumba." Alikuwa anatafuta maneno, na kuyatafuta kulimkasirisha. "Ile ya zamani ilikuwa inavuma. Picha ikienda, mvumo unacheza. Ukigonga ukuta picha inasimama, na mvumo unatulia. Mnyama akitaka kutoka, mashine inasaga kwanza, kabla hata hajaonekana. Vijana walikuwa wanashangaa najuaje. Mimi nilikuwa nasikia. Hii imesuguliwa mpaka haina kitu."

Mke wa Kocha alisikia damu ikimpanda. Alikumbuka kadi ile iliyokoroma ikirudishwa kwenye boksi la viatu. "Ulisema nisikilize miguu na milango. Kuna mahali ulisema nitafute kelele?"

"Nilidhani mtu mwenye masikio..."

"Mtu mwenye masikio ana kazi pia! Nimeacha beseni, nimetembea juani, nimesimama kwenye duka la wanaume nikisikiliza midude nisiyoijua, halafu unaniambia nimekuletea bubu. Kama wajua sana, nenda kachague mwenyewe!"

Neno lilikwisha kutoka. Kocha alizima mashine kwa kuipapasa, akaenda kulala na jua bado liko nje. Mkewe alikaa kwenye kiti alichokiacha mumewe, bado kina joto, simu mkononi. Alilitafuta jina la wifi, akalitazama, akairudisha simu mezani. Kesho yake ilikuwa Jumamosi na bado hakuwa amemwambia mumewe chochote. Alijichukia, na papo hapo alikuwa amemkasirikia mume, na hakujua lipi alipe nafasi.

* * *

Asubuhi alimkuta amesimama kizingitini, amevaa shati ameligeuza ndani nje.

"Twende," alisema Kocha.

"Wapi?"

"Si umesema nikachague mwenyewe?"

Mke alimvua shati akamvika upya, akamfungia vifungo. Alijua wifi yuko njiani. Angeweza kusema sasa. Akasema, "Shika bega langu," akafunga mlango.

Barabara ile fupi ilikuwa ndefu siku hiyo. Kocha alikuwa anamkanyaga visigino. Kwenye kona mama mmoja aliwapisha kwa kujibana ukutani kana kwamba wamebeba jeneza, na akasema "masikini" kwa sauti aliyodhani ni ya chini. Vidole vya Kocha vilikaza begani mpaka mkewe akauma midomo. Mtaro uliokuwa wazi waliuvuka kwa hesabu: sasa nyanyua, bado, sasa. Mwendesha mkokoteni akawapigia kelele wasogee. Mke wa Kocha naye akamrudishia maneno ambayo hayaandikiki, na nyuma yake akamsikia mumewe akiguna kwa kicheko.

Spea alipowaona alisimama, miwani ikamwangukia kifuani. "Kocha!"

"Lete boksi lako," alisema Kocha. "Zote. Na usiniambie ipi ni ipi."

Akaketishwa mbele ya mashine ya Spea. Kadi ya bendi ya harusi hakuipa hata nafasi ya kumaliza wimbo. Zikaja nyingine ambazo mkewe hakuonyeshwa jana yake. Moja ilinguruma tu bila kubadilika, akatikisa kichwa. Spea alikuwa akipachika na kuchomoa bila kunung'unika. Kisha ikapachikwa ile inayokoroma, na kabla ya mchezo kufunguka Kocha alikwisha kunyoosha mgongo.

"Iache hiyo."

"Hiyo ni mbovu, Kocha. Nakwambia kwa urafiki."

"Iache."

Akaanza kutembea. Mvumo ukapanda, ukashuka, ukayumba. Mke wa Kocha, aliyekuwa nyuma ya kiti, hakusikia humo chochote isipokuwa uchafu. Lakini alikuwa anaiona skrini, na alichokiona ni mtu yule akikunja kona bila kugusa ukuta. Mahali pale pa mnyama, mashine ilisaga kidogo sana, kama mtu anayemeza mate. Kocha akasimama. "Huyo anakuja," alinong'ona. Mnyama akatoka. Kocha akapiga, mnyama akaanguka, na Spea akapiga meza kwa kiganja mpaka parafujo zikamwagika.

"Umemwonaje?"

"Amekohoa," alisema Kocha, akacheka. Kilikuwa kicheko cha chumba cha michezo, kile cha kusimama nyuma ya viti.

Mke wa Kocha alimwangalia kisogo. Furaha ilimjaa, na hofu ikaja juu yake palepale, kwani simu ilikuwa inatetemeka ndani ya mkoba. Alitoka nayo nje.

"Nimegonga mpaka vidole vinauma," alisema wifi. "Nipo mlangoni kwenu. Mmekwenda wapi na kipofu wa watu?"

* * *

Wifi alikuwa amekaa kizingitini na begi kubwa, tupu, la kuwekea nguo. Alipowaona wanakuja, mmoja mbele na mwingine ameshika bega, alisimama. Kocha alikuwa na kadi mfukoni na vumbi mpaka magotini.

"Dada," alisema Kocha aliposikia anavyopumua. "Karibu."

"Nishakaribia, mdogo wangu. Nimekuja kukuchukua. Gari linarudi mchana, nguo zako hazijafungwa, mlango umefungwa. Mambo gani haya? Hamjaambiana?"

Wifi akamgeukia mke wa Kocha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka na safari. "Wifi, si wewe uliyeniita? Si ulisema nije nimchukue, umechoka? Au ni mimi niliyesikia vibaya?"

Jirani aliyekuwa anafagia upande wa pili wa ukuta aliacha kufagia. Mke wa Kocha alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kukana, kusema ilikuwa hasira tu, ilikuwa mzaha. Lakini mkono wa mumewe ulikuwa bado begani kwake, haujatoka.

"Hukusikia vibaya," alisema. "Nilisema."

"Mimi pia nilisikia," alisema Kocha.

Mkewe aligeuka. "Lini?"

"Siku ileile. Nilikuwa nimekaa dirishani." Uso wake ulikuwa umeelekea pembeni kidogo, kwenye mwimo wa mlango. "Ndiyo maana nikaulizia kompyuta. Niliwaza nikipata kitu cha kukaa nacho, nisikuzunguke miguuni, nisishike vitu vyako, labda ungeghairi."

Alilisema bila lawama, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei. Hilo ndilo lililomvunja mkewe. Siku zote hizo alizokuwa anaficha, mwenzake alikuwa anajua. Alikula naye, akalala naye, akamshika bega barabarani huku akijua. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Wifi naye alishusha begi. Sauti yake ilipungua ukali. "Sasa, mdogo wangu, niambie wewe. Unakuja, huji?"

"Muulize yeye. Anayechoka ni yeye."

"Nimechoka kweli," alisema mke wa Kocha. "Nimechoka, na kesho nitachoka tena, nisije nikasema uongo mbele yenu. Na tutagombana. Jana tu tumegombana kwa ajili ya kijibati." Alivuta pumzi. "Wifi, nisamehe kwa safari yako. Nilikuita mimi, na sasa mimi ndiye ninayekurudisha mikono mitupu. Haendi."

Ufagio wa jirani ulikuwa bado umesimama.

"Sijasikia," alisema Kocha.

Mkewe alimtazama mtu huyu aliyekuwa akisikia mnyama kabla hajatoka gizani.

"Rudia," alisema Kocha.

"Haendi!" mkewe alipaza sauti, mpaka jirani akajibu kutoka ng'ambo ya ukuta kwamba wamesikia.